Ushairi wa Vita Usiisahau Wodi ya Majeruhi

Tangu zamani ushairi wa vita umekuwa na mazoea ya kumtazama mpiganaji na kumpa kisogo majeruhi. Katika fasihi yetu ya Kiswahili, Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 unasimulia mapambano ya mashujaa wenye panga, na tenzi nyingi za vita zilizoufuata zimeshika njia hiyo hiyo: shujaa hutajwa kwa jina, adui hushindwa, na msomaji hupelekwa mbele kwenye pambano jingine. Wala mazoea haya si ya Waswahili peke yao. Mataifa mengi yamefanya vivyo hivyo. Lakini katika kila vita liko kundi kubwa la watu ambao hawakufa wala hawakurudi wakiwa wazima. Walibebwa na wenzao, wakalazwa, wakaoshwa vidonda na kulishwa kwa mikono ya watu wengine. Ni haki kuuliza: majeruhi hao, pamoja na hao waliowauguza, wako wapi katika mashairi?

Hoja ya makala haya ni kwamba kumbukumbu ya vita isiyomtaja majeruhi na muuguzi wake ni nusu ya kumbukumbu, na nusu inayoachwa ndiyo taifa linaloihitaji zaidi baada ya bunduki kunyamaza. Ushairi una uwezo wa kuihifadhi nusu hiyo kuliko ripoti ya ofisi na kuliko sanamu ya shaba. Ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili unapatikana Marekani, katika kazi ya mshairi Walt Whitman. Tena inafaa watumishi wa serikali na walimu waufahamu ushahidi huo, kwa sababu Whitman alipoanza kazi yake ya wodini hakuwa daktari wala askari. Alikuwa karani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwezi Aprili 1861, baada ya majimbo ya kusini kujitenga ili kuulinda utumwa wa watu weusi. Wakati huo Whitman alikuwa na umri wa miaka 41, naye alikwisha kujulikana kwa kitabu chake Leaves of Grass kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1855. Mwanzoni naye alikuwa mpiga ngoma kama wengine. Mwaka 1861 alitoa shairi la kuhimiza watu, lililojaa mlio wa ngoma na tarumbeta zinazovunja milango na kumtoa kila mtu kazini kwake. Hakuwa amekiona bado kitanda hata kimoja cha majeruhi wa vita hivyo.

Mwezi Desemba 1862 mambo yakabadilika. Baada ya mapigano ya Fredericksburg huko Virginia, gazeti moja la New York lilichapisha orodha ya majeruhi, na ndani yake lilikuwamo jina lililofanana na la mdogo wake George. Whitman akafunga safari mara moja kwenda kumtafuta. Alimkuta George salama, ana jeraha dogo la shavuni lililotokana na kipande cha kombora. Lakini kabla ya kumwona ndugu yake, alipita nje ya jumba moja lililokuwa limegeuzwa hospitali, akaona chini ya mti rundo la miguu na mikono iliyokatwa na madaktari. Hakurudi tena kukaa nyumbani Brooklyn kama alivyokusudia. Alifuatana na majeruhi hadi mji mkuu wa Washington, akapata kazi ya saa chache kwa siku ya kunakili hati katika ofisi ya mlipaji mishahara wa jeshi, na saa zilizobaki akazitoa kwa wodi.

Yafaa tueleze hospitali hizo zilikuwa za namna gani, kwa sababu bila ya kuelewa hali hiyo hatutaielewa kazi ya mshairi. Washington ilikuwa imejaa majeruhi hata majengo ya serikali yakageuzwa wodi. Jumba la Ofisi ya Hataza, ambamo ilihifadhiwa mifano ya mitambo iliyovumbuliwa, lilipangwa vitanda katikati ya makabati ya vioo. Hospitali ya Armory Square, ambayo Whitman aliizuru mara nyingi kupita nyingine, ilikuwa karibu na gati la mto na njia ya reli, na kwa hiyo ilipokea watu walioumia vibaya mno wasioweza kusafirishwa mbali zaidi. Madaktari walikuwa na klorofomu na etha za kumlaza mgonjwa usingizi wakati wa kumkata kiungo, lakini hawakujua kwamba vidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuua vidudu vya vidonda mwaka 1867, yaani miaka miwili baada ya vita kwisha. Wakati wa vita hivyo, kitambaa kimoja na maji ya ndoo moja vilitumika kwa kidonda cha huyu na cha yule. Kwa hesabu iliyokubalika kwa muda mrefu, wanajeshi wapatao 620,000 wa pande zote mbili walikufa, na watafiti wa miaka ya karibuni wamekisia kuwa idadi ilizidi hapo. Katika kila watatu waliokufa, wawili hivi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya matumbo, surua na maradhi mengine.

Katika hali kama hiyo, ambapo daktari hakuwa na dawa ya kutosha, kilichobaki ni utu. Whitman aliingia wodini na mkoba wenye machungwa, tumbaku, karatasi, bahasha zenye stempu na fedha kidogo kidogo alizochangiwa na marafiki. Siku moja ya joto kali aliwagawia wagonjwa wa wodi nyingi aiskrimu. Aliwaandikia barua wale waliopoteza mikono au wasiojua kusoma. Aliwasomea. Alikaa nao usiku walipokaribia kukata roho, na asubuhi akawaandikia wazazi wao. Mwezi Agosti 1863 aliandika barua kama hiyo kwa wazazi wa kijana mmoja mpiga filimbi wa jeshi aliyekufa kwa homa ya matumbo, akiwaeleza alivyolala, alivyovumilia, na jinsi yeye, mtu mgeni asiyewajua, alivyokuwa kando yake. Baadaye Whitman mwenyewe alikadiria kuwa alifanya ziara zaidi ya 600 na kuwafikia wagonjwa na majeruhi kati ya 80,000 na 100,000. Hata tukisema kwamba hesabu hiyo ni ya makisio, hapana shaka kuwa kazi ilikuwa kubwa. Katikati ya mwaka 1864 afya yake ilivunjika, ikambidi arudi kwao kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza tena.

Kutokana na kazi hiyo ndipo kilipozaliwa kitabu chake cha mashairi ya vita, Drum-Taps, kilichotoka mwaka 1865, na ndani yake shairi ambalo baadaye alilipa jina la The Wound-Dresser, yaani Mfunga Vidonda. Wazee wetu wangemwita mtu huyo dresa, kwa jina walilopewa wasaidizi wa zahanati enzi za ukoloni. Msemaji katika shairi ni mzee aliyezungukwa na vijana wanaotaka awasimulie vita: mashambulizi makali, ushujaa, ushindi na kushindwa. Mzee hawakatalii. Anakiri kuwa aliyaona hayo, lakini anasema kumbukumbu zake zimekwisha kupita kama maji ya mto. Kilichobaki kichwani mwake ni wodi. Anawachukua vijana hao hadi mlangoni, kisha anaingia na bendeji, maji na sifongo. Nyuma yake anafuata msaidizi mwenye sinia na ndoo, nayo ndoo inajaa damu na vitambaa vichafu, inamwagwa, inajaa tena.

Mzee huyo anakwenda kitanda kwa kitanda bila kumruka mtu. Huyu kapasuka kichwa. Yule ni mpanda farasi aliyetobolewa shingo na risasi. Mwingine amekatwa mkono, amegeuzia uso wake pembeni kwenye mto, hana moyo wa kukitazama kigutu chake. Mwingine ana donda ndugu linalotisha na kunuka, na msaidizi mwenye sinia amebaki nyuma. Mfunga vidonda anasema kwamba mkono wake hautetemeki, lakini ndani ya kifua chake mna moto unaowaka. Mmoja wa majeruhi anamtazama kwa macho ya kuomba, naye anasema asingekataa kufa badala yake kama kufa huko kungemwokoa. Hakuna jina la jenerali hata moja katika shairi hilo, wala halisemi ni upande gani ulioshinda. Katika matoleo ya baadaye mshairi aliongeza mistari inayokiri kuwa mwanzoni alikusudia kupiga baragumu ya vita, lakini vidole vyake vikalegea, akaridhika kukaa na majeruhi na kuwaliwaza, au kuwalinda kimya wafu.

Wako watakaosema kwamba ushairi wa namna hii unavunja moyo wa taifa. Kwamba kijana akisomeshwa habari za vigutu na donda ndugu ataogopa kulitetea taifa lake. Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa, hasa kwa nchi ambayo imewahi kuvamiwa. Lakini Whitman hakuwa mpinzani wa vita hivyo. Aliamini hadi mwisho kwamba Muungano wa nchi yake ulistahili kupiganiwa, na aliwaenzi waliokufa kwa ajili hiyo. Tena aliwahudumia majeruhi wa kusini pamoja na wa kaskazini, wala hilo halikumfanya asahau haki ilikuwa upande gani. Kumwonyesha kijana gharama ya vita si kumkataza kwenda. Ni kumwambia kwamba taifa linalomtuma linajua linamtuma wapi, na kwamba akirudi ameumia hatageuziwa uso. Askari anayevunjika moyo kabisa ni yule anayemwona mwenzake aliyekatwa mguu akiombaomba barabarani.

Wengine watasema kwamba Whitman hakuwa mfunga vidonda hasa. Ni kweli kwamba kwa sehemu kubwa alikuwa mgeni mwenye huruma, na kwamba kazi ngumu ya kila siku, ya kuosha, kubadili mashuka, kumwaga ndoo na kukesha, ilifanywa na wauguzi: wanawake kwa maelfu, askari waliokuwa wakipata nafuu, na wafanyakazi weusi ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani. Mwandishi Louisa May Alcott alifanya kazi hiyo kwa wiki chache tu katika hospitali moja ya Washington, akaugua homa ya matumbo nusura afe, akaandika juu ya wodi hiyo kitabu cha Hospital Sketches mwaka 1863. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Vera Brittain aliyewauguza askari London, Malta na Ufaransa alitoa kitabu cha mashairi yake, Verses of a V.A.D., mwaka 1918. Kwa hiyo wauguzi wenyewe wanaweza kusema wakipewa kalamu na nafasi. Shairi la Whitman lisomwe kama sauti ya wengi waliokuwa wakifanya kazi ile bila kusikika, na wala lisisomwe kama hati ya kazi ya mtu mmoja.

Upo pia upungufu ambao hatuna budi kuutaja bila kuuficha. Askari weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la kaskazini, na wapatao 40,000 walikufa, walio wengi kwa maradhi. Whitman aliandika kwamba alipopita karibu na hospitali zao aliingia na kufanya alichoweza. Lakini katika kitabu chake cha 1865 watu hao hawana nafasi, ijapokuwa vita vyenyewe vilihusu utumwa wao, na baada ya vita mshairi hakuwa mtetezi thabiti wa haki yao ya kupiga kura. Hapa tunajifunza kwamba hata huruma ya mshairi mkubwa ina mipaka iliyochorwa na jamii yake. Taifa likiuacha ushairi wa majeruhi mikononi mwa mtu mmoja, vitanda vingine vitarukwa.

Kwa nini basi tunasema jambo hili linawahusu watumishi wa serikali? Vita vilipokwisha, majeruhi wale waligeuka kuwa majalada. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliwapa pensheni askari wa Muungano walioharibika kwa vita na wajane wa waliokufa, na miaka ya mwanzo ya 1890 malipo hayo yalichukua zaidi ya theluthi moja ya matumizi yote ya serikali kuu. Fikiri ni makarani wangapi walioshika mafaili hayo, na ni mara ngapi mguu uliokatwa Virginia ulisomwa kama nambari, tarehe na sahihi ya daktari. Hapana ubaya katika nambari. Bila nambari mjane halipwi. Ubaya unaingia pale karani anapoanza kuamini kwamba nambari ndiyo mtu mwenyewe. Whitman alijua pande zote mbili, kwa kuwa asubuhi alinakili hati za jeshi na jioni alikaa na wale walioandikwa ndani ya hati hizo. Naye aliionja kalamu ya ofisi: mwaka 1865 alifukuzwa kazi katika Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu waziri hakukipenda kitabu chake cha mashairi, na marafiki zake wakamtafutia nafasi nyingine serikalini upesi. Alitumikia hadi kiharusi kilipompiga mwaka 1873 na kumdhoofisha.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Hapa kwetu mwanafunzi wa Dar es Salaam hupita karibu na Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927 kukumbuka Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Anamwona askari ameshika bunduki yenye singe, yuko tayari kushambulia. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya mnara, lakini umbo lililosimama juu ni la mpiganaji. Kumbe wapagazi ndio waliobeba mizigo ya vita vile, wakabeba na majeruhi kwenye machela, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, na watu wengi hununua nyanya na vitambaa pale bila kujua kwamba wanatamka jina la kikosi cha wachukuzi. Iko wapi beti ya Kiswahili inayomfuata mpagazi mmoja kutoka alipoinua machela hadi alipoanguka yeye mwenyewe? Mwalimu wa fasihi anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi hiyo wakaitunga.

Hali kadhalika na vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Tungo za kusifu ushindi zilikuwa nyingi, na zilistahili kutungwa. Lakini vita vile pia vilikuwa na majeruhi, na majeruhi wale walikuwa na wauguzi. Walioajiriwa wakiwa vijana wakati huo sasa ni wazee waliostaafu, na kila mwaka baadhi yao wanatutoka. Wanajua mambo ambayo hayamo katika taarifa ya vita wala katika gwaride la kumbukumbu: majeruhi aliomba nini kwanza alipozinduka, nani aliandika barua kwa mama yake, na ni wimbo gani ulioimbwa wodini usiku. Wasipoulizwa sasa, hakuna karani atakayeweza kuyatafuta mambo hayo katika kabati lolote.

Tunayo ala ya kufanyia kazi hii. Utenzi umezoea kubeba safari ndefu, na beti zake fupi zinafaa kwenda kitanda kwa kitanda kama alivyokwenda mfunga vidonda. Shairi la mizani na vina linaweza kubeba maombolezo na mashauri. Tusidhani kwamba bendeji, ndoo na sinia ni vitu duni visivyostahili vina. Kinachohitajika ni mtunzi kukubali kusimama mahali ambapo harufu ni mbaya na sifa ni chache, na kusema kwa uaminifu anachokiona.

Vijana katika shairi la Whitman waliuliza habari za vita, na mzee akawaonyesha wodi. Vijana wetu nao wataendelea kuuliza, na ni wajibu wetu kuwajibu kwa ukamilifu. Tuwafundishe ngoma iliyowaita baba zao, kwa sababu iliita kwa haki. Kisha tuwafundishe pia majina ya waliobeba machela, waliokesha na taa, na waliobaki na vigutu. Walimu wakusanye masimulizi hayo, washairi wayatungie beti, na watumishi wa serikali, kila wafunguapo jalada la mtu aliyeumia akilitumikia taifa, wakumbuke kwamba anayesubiri nje ya dirisha amekuja na mwili ule ule ulioumia vitani.